Nimemaliza kumdarizi mfalme wa Krismasi, nimsimamishe vipi mezani bila fremu?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Buzuruga, nalifupisha hapa: "Shikamoo mama fundi. Dada yangu anaishi Kanada, alinitumia seti ya kudarizi, ile kanvasi ngumu ya vitundu, imechorwa mamajusi watatu wa Krismasi. Nimemaliza mmoja, ana urefu wa sentimita 15 na upana 8, vitundu ni 18 kwa inchi, na taji nimeweka uzi wa dhahabu. Sitaki fremu, nataka asimame mwenyewe karibu na pango. Ila nikimuweka mezani naona kama amelala upande, kanvasi imevutika. Fundi wa mtaani kaniambia nikate nifuate mchoro, nishonee kitambaa nyuma, nijaze pamba basi. Nikate?"

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Kanvasi ya vitundu 18 inakula macho, mi nikipiga hesabu ya haraka mtu wa sentimita 15 kwa 8 ni karibu mishono elfu sita kama umejaza mpaka pembeni, hizo ni jioni nyingi mno za kukaa karibu na taa, kwaiyo jibu la kwanza ni fupi: usikate. Mkasi uweke kabatini kabisa mpaka ntakapokwambia. Fundi wako hajakudanganya kwamba mwisho wake ni kukata, kushonea mgongo na kujaza, ila ameruka vitu viwili ambavyo ndio vinaamua huyo mfalme asimame au aanguke kila mlango ukijipiga. Cha kwanza ni kunyoosha kanvasi, cha pili ni kitako. Velveti ya mgongoni, kamba ya pembeni, hayo ukikosea yanarekebishika hata mwakani. Kanvasi iliyopinda ukishaikata hairudi tena.

Afu ujue hajalala kwa sababu ulishona vibaya. Mshono wa kanvasi wote unalala mshazari, unatoka chini kushoto unapanda juu kulia, sasa fikiria elfu sita ya mishono yote inavuta upande huohuo mmoja, kanvasi lazima ifuate. Mraba unageuka kuwa kama kiberiti ulichokikanyaga kwa ubavu. Geuza kazi yako uangalie nyuma: ukiona mistari imelala tu upande mmoja, ulishona kwa kwenda mstari kwa mstari na ndio inayovuta zaidi. Ukiona nyuma imesukana kama mkeka, hiyo ni ile ya kushona kwa ngazi, ukipanda na kushuka kimshazari, na hiyo haivuti sana kwa sababu nyuma nyuzi zinapishana zinashikana. Kwa wafalme wawili waliobaki nakusihi shona hivyo, angalau zile sehemu kubwa za joho na za nyuma ya mchoro, utaona tofauti mwenyewe.

Na kinachotusaidia ni kwamba kanvasi imepakwa wanga kiwandani. Ule ugumu wake ni wanga. Ukiipa unyevu wanga unalegea, ukiivuta ikae mraba halafu ikaukie hapohapo, wanga unashika upya kwenye umbo jipya. Ni kama kola ya shati ya zamani tulivyokuwa tunaipiga wanga, itakaukia vile ulivyoiweka.

Mi nashona mavazi ya kanisa hapa Mwanza mwaka wa 27 huu, stola, kasula, vitambaa vya altare, na mara ya kwanza kuletewa kazi ya kanvasi ilikuwa kondoo wawili wa pangoni, mteja ana haraka Krismasi imebaki siku nne. Nikakata kwanza nikasema ntanyoosha nikijaza pamba. Yule kondoo alitoka ameinama mbele kama anakunywa maji, na pale kwenye sikio nyuzi za kanvasi zikaanza kuchomoka moja moja mpaka mshono wenyewe ukalegea, nikashona juu yake usiku kucha na bado haikuficha. Mteja hakusema kitu, alilipa akachukua, lakini mi nilijua na yeye alijua. Tangu siku hiyo sijawahi kukata kanvasi ambayo haijanyooshwa, hata mtu alie mlangoni.

Kunyoosha sasa. Kwanza pima kama rangi inachuja. Chukua kitambaa cheupe kibichi kidogo, kamua kweli kweli, kandamiza nyuma ya kazi kwenye kila rangi kama nusu dakika, hasa nyekundu, bluu nzito na nyeusi. Angalia na ile rangi iliyochorewa kanvasi kwa sababu nayo saa nyingine inatoka. Kitambaa kikibaki cheupe endelea. Kikishika rangi usiiloweshe kabisa, utaivuta kavu kwa pini kidogo kidogo, leo kidogo kesho kidogo, haitanyooka yote lakini bora ipinde kidogo kuliko ndevu za mfalme kugeuka pinki.

Tafuta ubao ambao pini inaingia, kipande cha silibodi kwa fundi seremala kinafaa sana, huwa wanavitupa. Juu yake weka karatasi mbili za daftari la hesabu, zile za viboksi, afu funika na nailoni safi inayoonyesha. Hivyo viboksi ndio rula yako, utavitumia kuona kama mstari wa kanvasi umenyooka. Nailoni ni muhimu, wino wa ile mistari ukishika unyevu unaweza kuhamia kwenye kazi. Pini zisiwe za kushika kutu. Hili nalisisitiza kwa sababu huku kwetu ziwani unyevu hauishi na pini ya kawaida ikikaa siku mbili kwenye kitu kibichi inaacha duara la kahawia ambalo halitoki. Ukizinunua kule mtaa wa Makoroboi zijaribu kwanza, chomeka moja kwenye kitambaa kibichi uiache usiku mmoja.

Afu unyevu. Sio kuloweka kwenye beseni! Taulo bichi lililokamuliwa, vingirisha kazi humo kama robo saa, au nyunyizia kwa ile chupa ya kupigia pasi, upande wa nyuma, mpaka ukiishika inalegea kama ngozi na sio kama karatasi ngumu. Ilaze uso juu, maana una uzi wa dhahabu kwenye taji na hutaki ugandamizwe. Chomeka kona ya kwanza, nenda kona ya mshazari wake, vuta, chomeka, afu kona mbili zilizobaki. Pini zipite kwenye ile kanvasi tupu ya pembeni, usichome kwenye mishono. Baada ya kona nenda katikati ya kila upande, kisha jaza katikati ya hizo, mpaka pini ziwe zimeachana kama sentimita mbili. Itakataa. Utavuta na vidole vitauma, ndio inavyokuwa, na kama bado ni mbishi ongeza unyevu kidogo, usitumie nguvu mpaka usikie uzi umekatika. Iache kivulini penye upepo. Jua usilipe, linapausha rangi na linakausha upande mmoja kabla ya mwingine. Kiangazi siku moja inatosha, ila hii ya Novemba na Desemba mvua za vuli zinanyesha na hewa yenyewe imejaa maji, mpe siku mbili hata tatu. Ukitoa pini ikajirudi kidogo, rudia. Mi kuna kazi nimenyoosha mara tatu na mara ya tatu ikakubali.

Ikishakauka bado hatukati. Kaa chini uangalie umbo lake la nje, hasa kwenye taji. Taji la mfalme lina ncha, na kati ya ncha na ncha kuna bonde, fundi wako anataka ufuate huo mchoro kabisa. Kwa mtu wa mara ya kwanza nakushauri usifuate. Kwenye bonde kanvasi inabidi ikatwe mpaka karibu na mshono ili ikubali kukunjwa, na hapo ndipo inapofumuka, hapo ndipo sikio la yule kondoo lilifumuka. Chukua uzi wa bluu ya usiku ujaze nyuma ya kichwa na taji mpaka umbo la juu liwe la mviringo, kama dirisha la kanisa. Mfalme anakuwa amesimama mbele ya anga. Kama uzi unatosha weka na nyota moja pale juu kulia, inapendeza kweli na inaeleza safari yao. Ni mishono mia chache tu, na kwa vile ni midogo haitapindisha kanvasi tena kwa kiasi cha kusumbua, ukiona imevuta kidogo nyunyizia unyooshe usiku mmoja.

Na hapohapo, zungushia mistari miwili ya ziada ya mishono kuzunguka umbo lote, chini pia, kwa rangi ileile ya pembeni. Watu wengi hawaambiwi hili afu wanashangaa kwa nini kiatu cha mfalme kimepotea. Kukunja na kushonea kunakula mstari mmoja na nusu hivi, kama hukuongeza inakula picha.

Sasa funga ukingo. Kanvasi ya kawaida ukiangalia kwa karibu kabisa utaona uzi mmoja unapita juu na chini ya mwingine tu, haujafungwa popote, ndio maana ukiukata unachomoka. (Kuna nyingine uzi wa kusimama ni miwili myembamba imesokotana ikaukamata ule wa kulala, hiyo haifumuki upesi.) Pitisha gundi nyeupe ya mbao kwa ncha ya kijiti cha mshikaki, mstari mwembamba, nje ya mshono wa mwisho, nyuma na mbele, iache usiku mzima. Isiguse mishono yako. Kama una cherehani piga zigizaga mbili kuzunguka badala ya gundi, au vyote viwili, mi napiga vyote. Pasi usiipeleke karibu na taji, ule uzi wa dhahabu mwingi wake una plastiki ndani na unajikunja kama nywele iliyoshika moto.

Haya, toa mkasi. Kata ukiacha sentimita moja na nusu nje ya mishono. Kwenye mviringo wa juu kata vipembe vidogo vidogo kila sentimita moja, ncha ya mkasi iishie nyuzi tatu kabla ya mshono, zihesabu kwa sindano usikadirie. Kunja ukingo kwa nyuma kwa vidole, ukandamize, uushike kwa mishono ya muda. Kuna wanaoweka uso kwa uso wakapiga cherehani afu wakageuza kama mto. Kwa mto ni sawa. Kwa kitu cha sentimita 15 ukigeuza kanvasi ndani nje unaivunja mikunjo usoni ambayo haitoki tena, baada ya kazi yote ile ya kunyoosha! Mi nakunja na kuunganisha kwa mkono, nachelewa lakini uso unabaki safi.

Kitako. Hapa soma polepole. Upana wako wa chini ni sentimita 8, mtu anasema basi nikate plastiki umbo la yai 8 kwa 4. Haitaingia. Chukua uzi uzungushe hilo yai la 8 kwa 4, utapata kama sentimita 19 na nusu, wakati chini ya mfalme una 8 za mbele na 8 za nyuma, jumla 16. Kitambaa kikifunguka kuwa duara upana unapungua, ndio kitu ambacho jicho halikioni mpaka umekata. Kwa 16 ungepata yai la 6 na nusu kwa 3 na kidogo, na hilo ni jembamba mno kumbeba mtu wa 15, akiguswa tu anaenda. Kwaiyo ninachofanya, kitambaa cha mgongo nakikata sawa na mbele kuanzia juu, ila kikifika kiunoni nakipanua taratibu mpaka chini kiwe kimezidi sentimita moja kila upande, yani 10. Sasa una 8 na 10, jumla 18, na yai lake ni 7 kwa 4 na robo hivi. Huo upana kidogo wa nyuma ni kama mkia wa joho umeburuza, kwa mbele hauonekani, mshono wa pembeni unarudi nyuma kidogo tu. Chora yai kwenye karatasi, likate, lizungushe na uzi, ukiona imezidi punguza karatasi, ikikubali ndio uhamishie kwenye plastiki.

Plastiki nzuri ni mfuniko wa ndoo ya rangi au ile ndoo ya lita kumi iliyopasuka. Kata mayai mawili yabandike pamoja. Boksi usitumie, linavuta unyevu huku kwetu, ndani ya miaka miwili limelegea na kitako kimefanya tumbo, na kitako chenye tumbo ni mfalme anayebembea. Funika plastiki na kitambaa kilekile cha mgongo: kata kitambaa kizidi sentimita mbili, pitisha uzi kuzunguka ukingo, vuta kama mdomo wa mfuko wa kamba, funga.

Kitambaa chenyewe, velveti au kitambaa cha suti. Vipande vya velveti omba kwa mafundi wa magauni, au pita soko la Mlango Mmoja kwenye mitumba utafute koti la velveti au kodrai lenye doa, we unahitaji kipande cha kiganja tu. Kitenge pia sawa ila ni chepesi, kiwekee nyuma ile bitana ya gundi ya kola kisilegee. Pasi hapo ruksa kwa sababu bado hakijakutana na dhahabu.

Uzito unatoka wapi? Mchanga wa ziwa. Mchanga mzuri mweupe upo ufukweni bure, chota kidogo, oshea kwenye ndoo ukimwaga maji mpaka yatoke meupe, afu ukaange kwenye kikaango kikavu mpaka ukiushika unateleza mkononi kama sukari. Huo kukaanga usiuruke, mchanga wenye unyevu ndani ya kanvasi ni ukungu tu unaukaribisha. Vijiko vinne vya mezani ni kama gramu 100, na kwa yai letu utajaa kama sentimita mbili na nusu kutoka chini, hicho ndicho kiasi chake. Uweke kwenye kimfuko cha shuka kizito ulichokipiga mshono mara mbili, kikiwa na umbo la yai hilohilo, usikijaze mpaka kiwe mpira, kiwe kinaweza kulala bapa.

Mchele usiweke. Najua kila mtu anasema mchele. Mimi niliweka mchele kwenye malaika mmoja, Krismasi iliyofuata nikafungua boksi nikakuta velveti ina vitundu vidogo kama nimechoma na sindano, fukusi walikuwa wametoka, na panya naye alikuwa ameshaanza kwenye bawa. Na zile risasi za nyavu na ndoano, nzito ndio na hapa zimejaa kila duka la uvuvi, lakini ni madini ya sumu, na pambo la Krismasi ni kitu ambacho mtoto atakishika na kukitia mdomoni, hapana.

Kuunganisha unaanza chini upande mmoja, unapanda, unazunguka juu, unashuka upande wa pili, chini unaacha wazi. Uzi wa poliesta, ukunje uwe mara mbili, sindano yenye ncha kali. Inaingia kwenye kitundu cha mshono wa ziada wa kanvasi, inatoka kitundu kinachofuata, inavuka kwenye mkunjo wa velveti inatembea ndani yake kidogo, inarudi kwenye kanvasi. Baada ya mishono mitano ndio unavuta, uzi unapotea ndani kabisa kama zipu inavyofunga. Usivute kila mshono, kanvasi itakunjamana.

Jaza pamba ya mito kwanza kule juu, vipande vidogo kama ukucha wa dole gumba, sukuma kwa upande butu wa penseli. Juu pawe pagumu kiasi, katikati pa wastani, ukijaza sana katikati mfalme anaota kitambi na uso unavutika. Afu kimfuko cha mchanga kilale chini, na vipande vya pamba vya kukibana pembeni kisitembee. Weka kitako, kishike na pini nne, mbele, nyuma, kushoto, kulia, ndio ushone kuzunguka kwa mshono uleule. Kabla hujamaliza sentimita tatu za mwisho msimamishe mezani, sukuma taji kwa kidole ainame kidogo, achia. Akirudi mwenyewe, maliza. Akielekea mbele, mchanga umesogea mbele, urudishe kwa kijiti. Akibembea, kitako kimevimba, punguza mchanga kijiko kimoja.

Pale kanvasi ilipokutana na velveti utaona mstari, wengine wanauacha, mi nauficha kwa kamba ya kusokota na hii sehemu naipenda kuliko zote. Pima kuzunguka, chini kushoto mpaka juu mpaka chini kulia, tuseme 38, ongeza za kufungia ziwe 45, afu zidisha kwa tatu, kwaiyo nyuzi za mita moja na sentimita 35. Chukua nyuzi sita za rangi za joho lake, funga ncha moja kwenye kitasa cha mlango, nyingine zungusha kwa penseli upande mmoja tu, zungusha mpaka ukilegeza kidogo inataka kujikunja yenyewe. Hapo ining'inize kitu kizito kidogo katikati, kutanisha ncha mbili, achia polepole kutoka kwenye mkunjo. Inajisokota yenyewe mkononi. Wale wazee wa Mwaloni Kirumba wanaotengeneza nyavu wangekuonyesha bila hata kuangalia, ni kanuni ileile ya kamba yoyote. Funga ncha kwa uzi kabla ya kukata, ukikata kwanza inafumuka yote. Ishonee juu ya mstari kwa mishono midogo ya kujificha, ncha zake uziingize kwenye mshono wa kitako kwa nyuma.

Kuna njia nyingine ya kubandika kazi kwenye plastiki bapa na kuweka mguu nyuma kama wa fremu ya picha. Ni ya haraka na kwa kitu chembamba kama nyota inafaa. Kwa mtu mwenye joho, hapana, mtu anataka mwili.

Kutunza: vumbi litoe kwa brashi laini ya kupaka rangi, maji usimpe tena. Januari usimfunge kwenye mfuko wa nailoni, unyevu wa huku unabaki ndani na ukungu unaanzia kwenye velveti. Mviringishe kwenye kitambaa cha pamba, boksi kavu, juu ya kabati mbali na ukuta wa nje.

Wafalme wawili waliobaki mgongo na kitako wakatie kwa karatasi hiyohiyo ya yai hata kama wa tatu ni mfupi, wakisimama pamoja vitako vikilingana ndio wanaonekana wamesafiri pamoja. Na nimesisitiza uzito hivi kwa sababu nadhani utafanya kama tunavyofanya nyumbani kwangu, mamajusi hawakai pangoni tarehe 25, wanaanzia mbali, kwetu wanaanzia juu ya friji, watoto wanawasogeza kila siku kidogo mpaka wanafika tarehe 6 Januari siku ya Epifania, na hapa Mwanza sikukuu hiyo inatugusa zaidi kwa sababu kanisa kuu letu pale Bugando lenyewe ni la Epifania. Kwaiyo watashikwa, watabebwa, wataangushwa na mikono midogo siku kumi na mbili mfululizo. Nyoosha kwanza, ongeza ile mistari miwili na anga ya nyuma ya taji, afu kabla hujagusa plastiki zungusha uzi pale chini uniandikie umepata sentimita ngapi, ntakupa kipimo cha yai lako.